Mbwa Akigongwa na Gari

Mbwa akigongwa na gari hapa mjini watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaookota mawe ili wammalize, na wapo, hasa watoto wa mwenye mbwa, wanaomkimbilia na kumkumbatia. Wote wanakosea.

Mbwa mwenye maumivu makali hamjui bwana wake. Atamng'ata hata anayemlisha kila siku, si kwa ukali bali kwa hofu. Kwa hiyo jilinde kwanza. Angalia magari, kisha msogelee polepole kutoka ubavuni, ukisema naye kwa sauti ya chini bila kumkazia macho. Chukua kitambaa kirefu au tai, piga kitanzi, mvishe mdomoni ukaze, pitisha ncha chini ya taya, ukafunge nyuma ya masikio. Lakini mbwa anayetapika au anayehema kwa shida usimfunge mdomo, utamuua kwa kumkosesha hewa.

Pili ni damu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha na ubonyeze kwa dakika 5 hadi 10 bila kufunua. Kila unapochungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kama kuna chuma kilichomchoma, usikichomoe. Huenda ndicho kinachoziba mshipa.

Tatu, mtazame fizi. Zilizokuwa nyekundu kidogo zikigeuka nyeupe, huenda anavuja damu ndani, hata kama nje huoni tone. Mfunike blanketi, mtelezeshe juu ya ubao ili mgongo usipinde, mumpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpe maziwa wala chakula, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi apasuliwe. Vidonge vya maumivu vya binadamu, kama parasetamoli na ibuprofeni, vinaweza kumuua.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Ukiumwa, au mate yake yakiingia kwenye kidonda chako, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Usingoje kuona kama mbwa atapona. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa; chanjo ya mapema ndiyo inayookoa.

Hapo ndipo mwenye mbwa anapoulizwa. Wengi wetu tunafuga mbwa walinde nyumba usiku, lakini hatuwachanji kila inapopasa. Siku mbwa wako akilala barabarani, jirani atauliza jambo moja tu kabla hajanyoosha mkono: huyu amechanjwa? Ukiwa na cheti, utapata wa kukusaidia kumbeba. Usipokuwa nacho, usiwalaumu wenye mawe peke yao.