Kosa la Kutenganisha katika Kuzidisha Namba Mchanganyiko

Katika kuzidisha 2½ kwa 1⅓, mwanafunzi anayezidisha namba nzima peke yake na sehemu peke yake hupata 2⅙. Kosa hilo si lazima litokane na uzembe, kwani utaratibu huohuo ni sahihi katika kujumlisha. Mstatili wenye urefu wa mita 2½ na upana wa mita 1⅓ hudhihirisha upungufu wake: eneo hugawanyika katika vipande vinne, ilhali vimehesabiwa viwili tu. Vilivyoachwa ni 2 × ⅓ na ½ × 1, yaani jumla ya 1⅙. Namba zote mbili zikigeuzwa kuwa sehemu guni, 5/2 × 4/3, hakuna kipande kinachopotea. Jibu ni 20/6, yaani 3⅓. Kwa hiyo, yafaa mchoro uitangulie kanuni.