Nusu gigabaiti isiyo na mlango wake

Nvidia ilipozitoa kadi zake mbili za michoro, GTX 970 na GTX 980, Septemba 2014, karatasi ya sifa ilimpa mnunuzi hesabu nyepesi. Zote mbili zilijengwa juu ya chipu moja, GM204, na zote ziliandikwa gigabaiti 4 za kumbukumbu na njia ya biti 256. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ya viini: 2,048 kwa kadi ya dola 549, na 1,664 kwa kadi ya dola 329. Kwenye gemu, kadi ndogo haikuachwa mbali, kwa hiyo wengi waliichukua hiyo, na kwa karatasi ile walikuwa na haki. Kisha ukaja Januari 2015. Wenye 970 walikuwa wamegundua kwamba kadi yao hujaza gigabaiti 3.5 na kusita, wakati 980 huijaza kumbukumbu yake yote bila shida. Kampuni ikakiri kuwa karatasi ilikuwa na makosa. La kushangaza ni kwamba baada ya kukiri huko, hakuna tokeo hata moja la majaribio ya awali lililobadilika. Kadi ilibaki na kasi ileile. Kama ni hivyo, mnunuzi alipunjwa nini?

Jibu limo ndani ya chipu, na aliyelieleza kwa uwazi kuliko wote ni Jonah Alben, mhandisi mkuu wa chipu za michoro wa Nvidia, alipozungumza na waandishi mwezi uleule. Kumbukumbu ya kadi hizi imegawanywa katika chipu nane za nusu gigabaiti kila moja. Kila chipu hufika kwenye viini kupitia kipande chake cha akiba ya haraka chenye kilobaiti 256, kikiambatana na vitengo vinane vya kukamilisha pikseli. Lifikirie ghala lenye vyumba vinane, kila chumba na mlango wake. Kwenye 980 milango yote minane hufunguka. Kwenye 970 mmoja umezibwa, na shehena ya chumba cha nane hupitishwa kwenye mlango wa jirani. Ndiyo maana akiba ni kilobaiti 1,792, si 2,048 zilizotangazwa, na vitengo vya pikseli ni 56, si 64. Vyumba saba hupakua kwa pamoja gigabaiti 196 kwa sekunde. Cha nane peke yake hutoa 28. Ukijumlisha unapata 224, namba iliyokuwa kwenye karatasi, lakini kusoma pande zote mbili kwa wakati mmoja haiwezekani, kwa kuwa zinagombea mlango mmoja.

Alben hakuyaeleza haya kama mtu anayeficha kidonda, na nadhani alistahili kusikilizwa. Katika vizazi vya nyuma, kipande kimoja cha akiba kikiharibika kiwandani, kidhibiti kizima cha biti 64 kilizimwa pamoja nacho. Kwa utaratibu huo 970 ingetoka na gigabaiti 3 na njia ya biti 192. Wahandisi wa kizazi cha Maxwell walibuni njia ya kuiokoa nusu iliyobaki, kisha wakaifundisha draiva, ile programu inayoiongoza kadi, kuweka kwenye sehemu ya polepole data isiyoguswa mara kwa mara. Huo ni uhandisi mzuri. Hata upungufu wa vitengo vya pikseli haukuuma sana: viini vya 970 vimepangwa katika makundi 13, na kila kundi hutoa pikseli 4 kwa mzunguko, yaani 52, chini ya zile 56 zilizobaki. Kwa maelezo ya kampuni, kosa lilitokea pale wahandisi na watu wa masoko waliposhindwa kuambiana. Mwezi uliofuata Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, aliandika barua ya wazi akikubali kwamba mpangilio huo ulipaswa kuelezwa tangu mwanzo.

Pingamizi kubwa la watetezi wa kadi hii ni kwamba karatasi ni maneno tu, na kipimo ni gemu. Nvidia yenyewe iliegemea hoja hiyo na kutoa takwimu. Katika Shadow of Mordor, mipangilio ilipopandishwa hadi kuvuka gigabaiti 3.5, 980 ilishuka kutoka fremu 72 hadi 55 kwa sekunde, asilimia 24. 970 ikashuka kutoka 60 hadi 45, asilimia 25. Katika Battlefield 4 ilikuwa asilimia 47 dhidi ya 50. Pengo ni dogo, na sina sababu ya kuzikataa namba hizo. Lakini zote ni wastani, na wastani wa sekunde nzima humeza kwikwi. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 17. Fremu moja ikisubiri mara tano zaidi kwa sababu data yake imelala chumba cha nane, jicho la mchezaji litaona mkatiko, ilhali wastani utapungua kwa fremu nne tu. Kipimo kilichotumika kuitetea kadi ndicho kilicho dhaifu zaidi katika kuukamata ugonjwa unaobishaniwa.

Kuna pingamizi la pili, lenye uzito zaidi: kila kadi ya bei nafuu ni chipu iliyopunguzwa, na bila kupunguza kusingekuwa na kadi ya dola 329. Kweli kabisa. Ila viini vilivyozimwa viliandikwa, mnunuzi akavihesabu na kukubali. Mlango uliozibwa haukuandikwa. Majaribio humwambia mnunuzi kadi inafanya nini kwenye gemu za mwaka huu. Sifa ndizo zinazomwezesha kukisia itafanyaje gemu zitakapodai kumbukumbu zaidi. Aliyechagua gigabaiti 4 badala ya 3 alikuwa akinunua miaka ya mbele, na hapo hasa ndipo alipopewa taarifa pungufu. Mwaka 2016 Nvidia ilikubali kuwalipa wanunuzi wa Marekani dola 30 kwa kila kadi ili kumaliza kesi. Mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam hakuwamo katika makubaliano hayo, ingawa kadi yake ilikuwa na mlango uleule uliozibwa.

Na kinga ya 970 ilikuwa draiva, si shaba wala silikoni. Uamuzi wa nini kiwekwe wapi hufanywa na programu, nayo huhitaji watu wa kuinoa kila gemu mpya inapotoka. Oktoba 2025 Nvidia ilitoa draiva ya mwisho ya gemu kwa kizazi cha Maxwell. Sasa yanakuja marekebisho ya usalama pekee. Kwa anayeinunua leo kadi hii ikiwa imetumika, gigabaiti 4 zikiwa bado zimeandikwa kwenye boksi, nani atamwambia ni ngapi za kutegemea?