Kompyuta yako ina Windows mbili na Ubuntu? Usifute kitu kabla hujasoma hapa

Leo siongelei mtaji wala kupiga picha mzigo. Naongelea kompyuta, maana wengi wetu tunanunua za mtumba, na za mtumba zinakuja na mambo ya mwenye nayo wa kwanza.

Yangu ukiiwasha ilikuwa inaleta menyu: Ubuntu, Windows 10, Windows 7. Aliyeniuzia aliona ananipa zawadi. Mwaka wa kwanza nilitumia Windows 7 kwa sababu ndiyo niliyoizoea toka shule, baadaye printa ya lebo ikaikataa nikahamia 10. Ubuntu sikuwahi kuigusa. Diski yenyewe GB 256, imekatwa vipande vitatu, kwa hiyo huku ninakofanyia kazi nilikuwa na kama GB 100 tu. Picha za mabegi zikajaa, mashine inaganda katikati ya oda. Nikasema hivi viwili naviondoa.

Ijumaa usiku nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, nikaingia Disk Management, nikakiona kipande cha Ubuntu, nikagonga Delete Volume. Sekunde mbili kimeondoka. Nikazima, nikalala na furaha.

Asubuhi skrini nyeusi, imeandika "grub rescue>" basi. Oda 11 za mikoani, namba za wateja zote zimo humo ndani. Fundi alinitoza elfu 30 kwa kazi ya dakika tano. Sikulalamika, nilikaa pembeni nikaangalia anachofanya.

Kumbe ile menyu ya kuwashia haikuwa ya Windows, ni ya Ubuntu, inaitwa GRUB. Kwenye kompyuta za zamani kidogo, kichwa chake kinakaa mwanzoni kabisa mwa diski, ila mwili umo ndani ya kipande cha Ubuntu. Mimi nilifuta mwili nikaacha kichwa. Windows yangu ilikuwa nzima kabisa, sema hakuna wa kuiamsha.

Kwa hiyo anza na kuwasha, kufuta baadaye. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, usome mstari wa BIOS Mode. Ikisema UEFI, kazi ni ndogo: zima, washa ukiwa unagonga F2, F10 au Del kutegemea mashine, kisha weka Windows Boot Manager iwe ya kwanza. Ikisema Legacy, unahitaji flashi yenye Windows. Washia kwenye flashi, chagua kurekebisha na siyo kupiga Windows upya, ingia Command Prompt, andika bootrec /fixmbr. Halafu zima na kuwasha mara mbili. Ikiingia Windows bila kupitia menyu ya Ubuntu, hapo sasa futa. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile namba ya kufungulia yenye tarakimu 48 iwe mkononi kabla hujagusa chochote.

Windows ya pili ndiyo ina mtego zaidi. Disk Management inakataa kufuta Windows uliyokaa ndani yake, lakini ile nyingine haina habari nayo. Ukiwasha kwa bahati mbaya ile ya zamani, itakuruhusu ufute ile unayoitegemea. Na usiamini herufi! Ukiwa ndani ya 7, diski yake ndiyo C. Ukihamia 10, C ni nyingine, ile ya 7 imegeuka D au E. Angalia ukubwa, na angalia neno Boot: lilipo ndipo ulipokaa. Kile kipande kidogo chenye neno System achana nacho, hata kama kinaonekana hakina kazi. Ndicho kinachowasha.

Mimi nilifungua msconfig, upande wa Boot, nikaitoa Windows 7 kwenye orodha. Nikawasha upya, nikaona inaenda 10 moja kwa moja, ndipo nikafuta kipande chake. Nafasi iliyobaki unaiunganisha kwa Extend Volume, ila inakubali tu kama ipo kulia kwa C na imegusana nayo. Yangu moja ilikuwa kushoto, ikagoma, nikaifanya diski ya kuwekea picha. Sioni hasara.

Kabla ya yote hayo nakili vitu vyako. Vya Ubuntu uvichukue ukiwa ndani ya Ubuntu, maana Windows haisomi kile kipande chake. Vya Windows ya zamani unavipata ukiwa kwenye mpya: fungua ile diski, Users, jina lako, pitia Desktop, Documents na Downloads. Pitia kweli. Mimi nilikuwa naamini kule hakuna kitu, nikaingia ili tu nisijilaumu, nikakuta faili nimeliandika "madeni ya zamani". Majina sita. Dada mmoja wa Tabata alichukua mabegi matatu, elfu 84, mimi nimeshasahau kabisa na nadhani yeye alikuwa anaomba nisahau. Nilimtumia meseji siku hiyohiyo. Katuma nusu, nyingine kasema mwisho wa mwezi.