Tyubu hizi zinaharibu nyuso za watoto wetu



Nami naomba niseme neno juu ya jambo ambalo kina mama wengi wanalijua, lakini halizungumzwi ila kwenye benchi la kliniki siku ya kupima watoto uzito. Jambo lenyewe ni vipele vinavyomtoka mtoto mchanga usoni, vikapona, vikarudi, vikapona tena, kisha vikarudi vibaya kuliko mwanzo. Na nyuma ya kisa hicho, mara nyingi kuna tyubu ya dawa.

Mzazi aliyelea mtoto wa namna hiyo ananielewa. Mtoto ana miezi mitatu au minne, ananyonya vizuri, anacheka. Mashavu yanaanza kuwa makavu, ukigusa yanakwaruza kama msasa. Baadaye yanatoa majimaji na kushika ukoko. Usiku mtoto halali, anasugua uso wake kwenye bega la mama, na asubuhi shuka lina alama za damu. Jirani anasema hili, shangazi anasema lile. Mwisho anatokea mtu mwenye nia njema kabisa, anatoa tyubu iliyobaki ya mwanawe. "Paka hii, siku mbili tu utaona." Na kweli, siku mbili hazipiti uso unatakata. Balaa huanzia hapo.

Wananchi wengi hawajui ndani ya tyubu hiyo kuna nini. Nyingi zinazouzwa madukani ni mseto wa dawa tatu: moja ya kuua bakteria, moja ya kuua fangasi, na ya tatu ni steroidi kali. Muuzaji huisifu kwa sababu inafaa kila kitu, kama kwamba ngozi ya binadamu ina ugonjwa mmoja tu. Kinachotakatisha uso kwa siku mbili ni ile steroidi. Inatuliza mwasho na kuzima uvimbe wa ngozi, lakini chanzo cha ugonjwa inakiacha pale pale. Ukiacha kupaka, vipele vinarudi. Unapaka tena. Baada ya miezi kadhaa ngozi imezoea, haitulii bila tyubu, na mama anaapa kwamba dawa ni nzuri sana maana kila akiiacha mtoto anaumwa!

Sisemi kwamba steroidi ni sumu. Tangu mwaka 1952, wataalamu walipoonyesha kwamba haidrokotisoni ikipakwa juu ya ngozi inatuliza ukurutu, dawa hizi zimewasaidia watu wengi mno. Lakini baada ya haidrokotisoni zilitengenezwa nyingine kali mara nyingi zaidi, kama betamethazoni na klobetasoli. Hii ya mwisho ni miongoni mwa zile kali kupita zote, nayo si ya kupakwa uso wa mtoto mchanga. Ngozi ya uso ni nyembamba, ya mtoto ni nyembamba zaidi, na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo dawa inayopenya na kuingia ndani ni nyingi kwa kadiri ya uzito wake. Ikitumika muda mrefu ngozi inasinyaa na mishipa kuonekana, rangi inapotea, vijipele vinazunguka mdomo, na vinyweleo vinaota mahali visipostahili. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho. Ikiingia mwilini kwa wingi inaweza hata kudumaza ukuaji.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja kijana aliyepaka tyubu ya mseto tangu mwanawe ana miezi minne hadi miezi kumi. Alikuwa anainunua duka lile lile, na hakuna siku aliyoulizwa ni ya nani na ni ya nini. Alipofika hospitali, daktari alimtazama mtoto, kisha akauliza swali moja tu: "Tyubu iko wapi?" Mama akaifungua kwenye pindo la kanga. Ilichukua miezi mingi kumwachisha, kwanza kwa dawa dhaifu iliyopunguzwa kidogo kidogo, na mafuta kila siku. Siku hizi yule mtoto anakimbia na wenzake, lakini mama yake alilia machozi ambayo swali moja dukani lingeweza kuyazuia.

Sasa, si kila kipele cha mtoto ni ugonjwa wa kutibiwa. Katika siku za kwanza za kuzaliwa watoto wengi hutokwa na madoadoa yanayokuja na kwenda, yanatoweka yenyewe. Kuna vichunusi vya wiki ya tatu au ya nne, navyo hukoma vyenyewe baada ya miezi michache. Kuna harara ya joto, ambayo sisi wenyewe tunaileta. Utamkuta mtoto Dar es Salaam, mwezi wa Februari, amevishwa kofia ya sufu na kufungwa shali mbili ili asipigwe na upepo! Huyo mvueni kofia kwanza kabla hamjatafuta dawa. Kuna vipele vya mate, pale meno yanapotoka, vinavyozunguka mdomo na kidevu. Na upo upele wenyewe, ule wa kuambukizana, ambao kwa watoto wachanga unaweza kupanda hadi usoni na kuingia viganjani na nyayoni. Huo unatibiwa nyumba nzima siku moja. Ukipaka steroidi juu ya upele, au juu ya choa, unauficha tu, nao unaendelea kuenea chini kwa chini.

Lakini vile vinavyorudi kila mara mashavuni, vyenye ukavu na mwasho usiokwisha, mara nyingi ni pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu. Hauambukizi. Hautokani na uchafu. Mara nyingi katika ukoo huo utamkuta mtu mwenye pumu ya kifua, au anayepiga chafya vumbi likipita. Ngozi ya mtoto huyo haishiki maji vizuri, ni kama mtungi wenye nyufa. Inakauka, inawasha, mtoto anajikuna, nyufa zinaongezeka. Ndiyo maana ugonjwa unarudi hata baada ya dawa. Mzazi hana budi kujua kwamba atautunza mwezi baada ya mwezi. Watoto wengi hupata nafuu kubwa kadiri wanavyokua.

Hapa niseme jambo moja ambalo vitabu vya kigeni havitusaidii. Vinatuambia tutazame shavu jekundu. Mashavu ya watoto wetu mara nyingi hayawi mekundu yakiumwa. Yanakuwa ya kijivu, au yanakoza weusi kuliko pembeni yake, na mkono unajua kabla ya jicho kwa sababu ya ule mkwaruzo. Na yakipona huacha mabaka yaliyopauka. Mama akiona mabaka hayo anadhani ni fangasi, anakimbilia tyubu nyingine. Mabaka hayo ni rangi iliyochelewa kurudi. Inarudi yenyewe kwa miezi, bila kupakwa kitu kikali.

Kazi kubwa ya kumtunza mtoto huyu inafanyika nyumbani, wala haina gharama ya kutisha. Aogeshwe kwa maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi, dakika tano au kumi. Sabuni iwe kidogo na isiwe na manukato, ipite penye uchafu tu. Uso hauhitaji sabuni. Dawa ya kuua vijidudu wanayoitia watu kwenye beseni inamkausha bure. Akitoka majini akaushwe kwa kugusagusa na kanga laini, asisuguliwe, na hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu, apakwe mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Apakwe tena mchana na usiku, hata siku ambazo uso umetakata. Siku za uso kutakata ndizo tunazozisahau, na ndizo zinazoamua kama ugonjwa utarudi upesi. Wenzetu wa Njombe na Makete katika baridi ya Juni na Julai wapake mara nyingi zaidi, maana baridi kavu haina huruma. Kabla ya kumlisha uji, mpake mafuta kuzunguka mdomo ili uji na mate visimchome. Kucha zake zikatwe fupi. Sufu isiguse uso wake. Poda iachwe, na wanja pia. Baadhi ya wanja umekutwa na risasi ndani yake, na jicho la mtoto si mahali pa kujaribia.

Kina mama wenzangu hawatapenda hili, lakini nitalisema. Mama anayejipaka mkorogo wa kung'arisha ngozi anampaka na mtoto. Shavu la mtoto linalala kifuani na shavuni kwa mama usiku kucha, na ndani ya krimu nyingi za namna hiyo mnafichwa steroidi zile zile kali.

Panapohitajika dawa, daktari anaweza kutoa haidrokotisoni dhaifu ya asilimia moja kwa siku chache, mahali palipochachamaa tu, kisha mama arudi kwenye mafuta yake. Mzazi aliyeandikiwa dawa hiyo asiiogope akaitupa. Aitumie kama alivyoambiwa.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kesho. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akitokwa na malengelenge au usaha, apelekwe hospitali mara moja. Uso ukitoa usaha au ukoko wa rangi ya asali, au mtoto akapata homa, apelekwe. Na likitokea kundi la malengelenge madogo yanayofanana, kila kimoja kikiacha kishimo katikati, na mtoto anakataa kunyonya, apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kirusi kinachowatoa watu wazima vidonda vya midomo kinaweza kumwingia mtoto mwenye pumu ya ngozi kikamhatarisha maisha. Kwa hiyo mgeni mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto, awe bibi, awe mjomba. Atasamehe.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaomgeuzia kibao mama. Mtoto akitoka vipele wanaanza kunong'ona kwamba maziwa yamechafuka, au kwamba wazazi wamembemenda mtoto. Wengine wanamwamuru mama aache samaki, mayai, karanga, maharage, hata abaki na ugali na chumvi, naye ananyonyesha! Wapo watoto wachache ambao chakula fulani huwadhuru, na hao hujulikana kwa uchunguzi wa daktari. Si kazi ya mawifi. Maziwa ya mama yanabaki kuwa chakula chake pekee kwa miezi sita ya kwanza, vipele vikiwepo visiwepo. Na baba naye asikae kimya akisikiliza manong'ono hayo. Nusu ya damu ya mtoto ni yake, na huenda kifua kinachopiga filimbi kiko upande wa ukoo wake.

Sasa nageukia kwa wahusika. Maduka ya Dawa Muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003, na msingi wake ulikuwa kwamba muuzaji apewe mafunzo. Basi mafunzo hayo yamfikishe mahali pa kuuliza swali moja: "Ni ya nani, na ana umri gani?" Mwaka 2019 vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na dawa zikabaki kwa TMDA. Ni sawa. Lakini krimu yenye klobetasoli inayouzwa juu ya meza pamoja na hina na vibanio vya nywele, hiyo ni ya nani? Ni dawa au ni kipodozi? Wakati wakubwa wanaamua, sisi tunaipaka.

Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, nacho huchukua wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Hapo hapo ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Mkono uliotengeneza mafuta hayo unashindwaje kututengenezea mafuta rahisi ya watoto, yasiyo na harufu wala dawa, yakapatikana kila zahanati? Na siku ya kliniki, kina mama tukiwa tumekaa kwenye benchi saa tatu tukingoja mizani, muuguzi anashindwa nini kutumia dakika kumi kutueleza habari za ngozi?

Mwisho, Mhariri, nimezikusanya tyubu nne kutoka kwa majirani, nikafungua karatasi zilizomo ndani ya boksi. Zote nne zina onyo kwamba dawa isitumike kwa mtoto mchanga bila ushauri wa daktari. Onyo limeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Ninaomba Wizara ya Afya na TMDA watujibu katika ukurasa huu: onyo hilo litaandikwa lini kwa Kiswahili, juu ya tyubu yenyewe, kwa herufi ambazo mama anaweza kuzisoma akiwa amempakata mtoto?

Mama wa Wanne,
Morogoro.