Nani Hulipia Usambazaji wa Chaneli za Televisheni?

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, tarehe 31 Desemba, 2012 jijini Dar es Salaam, kazi ya kuandaa vipindi imetenganishwa na kazi ya kusambaza mawimbi. Kituo cha televisheni hupeleka maudhui yake kwa kampuni iliyopewa leseni ya usambazaji na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), nacho huilipa ada kwa huduma hiyo. Chaneli zisizolipiwa na mtazamaji hufidia gharama hiyo kwa mapato ya matangazo ya biashara. Ndiyo maana mwananchi mwenye king'amuzi cha antena anapaswa kuendelea kuziona hata kifurushi chake kinapokwisha: gharama ya kumfikishia imekwishabebwa na kituo chenyewe.