Kwa nini baraza la tarafa halipangi mshahara wa polisi

Mfanyabiashara wa Buyenzi hulipa ushuru wa kibanda chake katika soko la Ruvumera asubuhi, na jioni hukutana na askari polisi njiani anapofunga mlango kurudi nyumbani. Si ajabu akidhani kuwa faranga alizotoa asubuhi ndizo zinazomlipa askari wa jioni. Sivyo. Ushuru ule huingia katika mfuko wa tarafa, na askari yule halipwi na tarafa hata senti moja. Baraza la tarafa linaweza kukaa siku nzima kujadili usalama wa mitaa, lakini mshahara wa anayeulinda mtaa huo haumo kabisa katika shughuli zake.

Inafaa kueleza kwanza nani ni nani, maana mipaka ya utawala imebadilika mara mbili katika miaka michache. Hadi mageuzi ya mwaka 2014, jiji la Bujumbura lilikuwa na tarafa 13, na Buyenzi ilikuwa mojawapo, yenye viongozi wake na bajeti yake. Tangu hapo zikabaki tarafa tatu: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Buyenzi iliwekwa ndani ya Mukaza pamoja na Bwiza, Nyakabiga na Rohero. Kisha sheria ya mwaka 2023 ikapunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi mitano, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Mgawanyo huo mpya ulianza kutumika na uchaguzi wa Juni 2025. Kwa mzee wa Buyenzi aliyezoea kwenda kwa miguu hadi ofisi ya tarafa yake, maana ya mabadiliko hayo ni rahisi: meza inayoamua mambo yake imesogea mbali, na wanaoizunguka wanawakilisha watu wengi zaidi.

Baraza hilo lina kazi kubwa. Hupitisha bajeti ya tarafa, husimamia masoko na usafi, hupanga matumizi ya ardhi ya umma na miradi ya maendeleo. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013 na wachuuzi wengi wakahamia kwingine, Ruvumera ikiwa mojawapo, suala la masoko limekuwa zito kuliko yote katika maisha ya mtaa. Kuhusu usalama, viongozi wa tarafa wanaweza kuomba msaada wa polisi na kukaa nao katika kamati za usalama. Lakini kuomba msaada wa mtu ni jambo moja, na kumwajiri ni jambo jingine.

Mwajiri wa askari ni dola. Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, kufuatia Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Iliwakusanya pamoja askari wa jandarmeri ya zamani, polisi wa usalama wa umma, polisi wa upelelezi, polisi wa uhamiaji, na wapiganaji wa zamani wa makundi yaliyotia saini amani. Ilikuwa kazi ngumu kuwavalisha sare moja watu waliokuwa wakipigana jana, na kuwalipa kwa ngazi moja ya mishahara. Ndiyo maana maofisa, mabrigadia na askari wa kawaida wanatawaliwa na sheria za nchi nzima, na malipo yao hutoka katika bajeti ya taifa inayoanza kila mwezi Julai. Askari wa Buyenzi na mwenzake wa Ruyigi wakiwa na cheo kimoja na muda mmoja kazini, ngazi yao ya mshahara ni moja, ingawa bei ya mchele na pango la nyumba si moja.

Je, askari huyo anaweza kudai nyongeza? Mwalimu wa Burundi anaweza. Vyama vya walimu vimeitisha migomo mara kadhaa kupinga tofauti za mishahara serikalini. Askari hawezi. Ibara ya 37 ya Katiba inatambua haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi na haki ya kugoma, kisha inazikataza haki hizo kwa walio katika vyombo vya ulinzi na usalama. Kwa hiyo hakuna chama cha kukaa mezani na serikali kwa niaba ya polisi. Kilichopo ni ngazi za amri, na malalamiko hupanda ngazi hizo polepole, kama yatapanda.

Burundi si ya pekee katika hili. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1948 kuhusu uhuru wa kujiunga na vyama uliiachia kila nchi iamue yenyewe ni kwa kiasi gani haki hizo ziwafikie wanajeshi na polisi. Hofu iliyoleta nafasi hiyo ilikuwa na historia. Mwezi Septemba 1919 katika jiji la Boston, Marekani, zaidi ya askari 1,100 kati ya 1,500 hivi waliacha kazi baada ya kukatazwa kuunda chama. Uporaji ukaanza usiku uleule. Waliogoma wote walifukuzwa, na walioajiriwa badala yao wakapewa mshahara mnono zaidi kuliko ule walionyimwa wenzao. Mwaka huohuo Uingereza, baada ya migomo ya polisi wake, ilipitisha sheria ya kupiga marufuku chama chao na kuwaundia chombo kingine cha kusema bila kugoma.

Kuna nchi ambako mambo ni kinyume kabisa na ya kwetu, na ndugu zetu waliohamia Marekani wanayaona kila siku. Huko polisi wengi ni wa jiji, si wa taifa, na jiji ndilo linalowalipa. Mwezi Julai 2024 baraza la jiji la Minneapolis lilipiga kura kuidhinisha mkataba na chama cha polisi wa jiji, wenye nyongeza ya karibu asilimia 22 kwa miaka mitatu. Madiwani hawakukubaliana. Hilo ni jiji ambamo George Floyd aliuawa na polisi Mei 2020, na ambalo baadaye lilipoteza askari wengi. Wapo waliotaka nyongeza hiyo iambatane na masharti makali zaidi ya nidhamu, na wapo waliosema bila fedha hakuna atakayejiunga. Polisi wa huko wana chama lakini sheria ya jimbo inawakataza kugoma. Wakishindwana na jiji, msuluhishi ndiye anayeamua.

Karibu na kwetu zaidi, Kenya imechukua njia ya kati, na mfano wake unastahili kutazamwa kwa makini. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuzipa masoko, usafi, maegesho na mambo kama hayo, lakini polisi wakabaki chini ya serikali ya taifa. Kaunti ya Nairobi ina askari wake wa kukagua biashara na maegesho, wale ambao wachuuzi huwaita kanjo, jina lililotokana na baraza la jiji la zamani. Kanjo ni mfanyakazi wa kaunti na anaweza kuwa na chama. Polisi halisi hana: Katiba inaruhusu sheria imbane, na sheria ya polisi ya mwaka 2011 ilimbana.

Badala ya chama, Kenya ina tume. Ipo tume ya kuajiri na kusimamia polisi, na ipo tume ya mishahara inayotoa ushauri kuhusu malipo ya watumishi wote wa umma. Ushauri huo si wa kupuuzwa. Mwaka 2015 walimu walishinda mahakamani nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, wakagoma kwa wiki tano kudai ilipwe, kisha Mahakama ya Rufaa ikaifuta kwa sababu tume ya mishahara haikushauriwa.

Kwa polisi, mlango ulifunguliwa na uchunguzi. Desemba 2022 Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kuchunguza hali ya polisi na magereza. Jopo liliwasilisha ripoti yake Novemba 2023. Lilikuta uongozi dhaifu na rushwa iliyokita mizizi, na bado likapendekeza nyongeza ya asilimia 40. Watu wengi walishangaa: mbona anayelaumiwa anaongezewa? Hoja inayotolewa ni kwamba askari anayelala katika nyumba ya mabati pamoja na familia nyingine hujaribiwa kila siku kumaliza mwezi kwa fedha ya dereva. Wengine wanajibu kwamba wakubwa wenye mishahara mizuri nao hupokea, kwa hiyo fedha peke yake haitoshi. Mwandishi wa makala haya anaona pande zote mbili zina ukweli, na ya pili husahaulika upesi zaidi.

Nyongeza hiyo iligawanywa kwa miaka mitatu kuanzia Julai 2024. Wakati haungeweza kuwa mbaya zaidi. Tarehe 26 Juni mwaka huo Rais aliondoa muswada wa fedha baada ya maandamano ya vijana ambamo makumi ya watu waliuawa. Serikali ikabaki na pengo la mapato, ahadi ya kuwalipa polisi zaidi, na wananchi waliokuwa wakizika watoto wao.

Tena, kinachotangazwa na kinachofika mfukoni si kitu kimoja daima. Wenye jamaa upande wa Uvira na Bukavu wanajua jinsi fedha za askari zilivyokuwa zikipitia mikononi mwa makamanda na kupungua kila kituo. Tangu mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe nchini Kongo kusaidia kutenganisha njia ya fedha na njia ya amri jeshini.

Kwa mkazi wa Buyenzi, basi, milango ni miwili. Anayetaka kuhoji taa za barabarani, mifereji au ushuru wa Ruvumera huenda kwenye kikao cha baraza la tarafa. Anayetaka kuhoji mshahara wa polisi humwendea mbunge wake, kabla bajeti ya Julai haijapigiwa kura.