Kilo Saba za Entebbe

Msafiri wa Kampala mara nyingi hazidiwi na nguo zake mwenyewe. Fungua begi lolote linalogoma kufungwa usiku wa kuamkia safari, utakuta kahawa ya binamu aliyeko Leicester, kopo la odii la mama mkwe wa jirani, kanzu ya mtu anayeoa Dubai, na dawa za kienyeji ambazo hakuna anayejua ni za nani. Nguo za mwenye begi zimebanwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Ndiyo maana ushauri mwingi kuhusu kusafiri na begi la mkononi pekee haumfai sana mtu wa Ntinda au Kabalagala. Unamfundisha kukunja fulana, na yeye kinachomshinda ni kumwambia senga, yaani shangazi, "hapana".

Tuanze na mzani, maana huo hauna undugu. Emirates na Qatar Airways, ambazo wengi wetu tunazipanda kupitia Dubai na Doha, huruhusu kilo 7 za mkononi katika daraja la kawaida. Kenya Airways huruhusu 12. Kama tiketi yako inapita mashirika mawili, fuata lile lenye kipimo kidogo, kwa sababu atakayekupimia huko katikati hajali walichokuruhusu ulikotoka.

Kilo 7 huonekana nyingi mpaka upime begi likiwa tupu. Lile la magurudumu lenye ganda gumu linakula kilo 2 na nusu, pengine 3, hujatia hata soksi. Kompyuta na chaja, 2 nyingine. Umebaki na mbili na kitu, na jozi moja ya viatu vya ngozi vya mwanamume inakaribia 1. Kwa hiyo ukitaka kushinda, shinda kwenye begi lenyewe: la kitambaa, la mgongoni, lisilozidi kilo moja. Sokoni Owino yapo tele kwenye mivumba, yaani mitumba. Vuta zipu mara kadhaa kabla ya kulipa, na kagua mishono ya mikanda, kwani hapo ndipo huachia kwanza.

Hali ya hewa yetu nayo inatuponza. Kampala haina baridi ya kumfundisha mtu kuvaa, basi anayekwenda Ulaya mwezi wa Novemba hubeba masweta manne manene, yote ya kazi moja. Koti zito linavaliwa mwilini hadi ndani ya ndege, na viatu vizito vinavaliwa miguuni. Chini ya koti, tabaka nyembamba mbili au tatu hutunza joto vizuri kuliko sweta moja la kilo. Nguo za siku nne zinatosha wiki tatu, mradi ukubali kufua kwenye sinki la hoteli na uache jinzi ya pili nyumbani, maana jinzi haikauki usiku mmoja. Kikoi kinafanya kazi ya taulo, shuka na pazia.

Gomesi, vazi letu la heshima la wanawake, ndiyo mtihani wenyewe. Ni kama mita 6 za kitambaa, mshipi mpana, mabega yaliyosimama, na chini yake kitambaa kingine cha kuipa umbo. Ya kitambaa kizito inaweza kumeza nusu ya begi. Anayekwenda kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba, huko London na begi la mkononi achague ya hariri au poliesta nyepesi. Vifungo vifungwe, mabega yaelekezwe ndani, soksi zijazwe kwenye mikono ili ncha zisivunjike, kisha vazi lote likunjwe kwa mapana na kuviringishwa kuzunguka mshipi. Ukifika, litundike bafuni maji ya moto yakitiririka. Kitambaa cha chini usikibebe. Shuka la mwenyeji litafaa na hakuna atakayejua.

Kwenye vimiminika ndipo machozi humwagika. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa kwenye chupa za vinywaji, na tangu hapo dunia ikashika kipimo cha mililita 100 kwa kila chombo, vyote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja unaoonekana ndani. Baadhi ya viwanja vya Ulaya vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, lakini safari ina viwanja zaidi ya kimoja. Na kimiminika kwa mkaguzi si maji tu. Mafuta ya kujipaka, asali, samli, na odii, ule mchanganyiko wa karanga na simsim zilizosagwa hadi zikalainika, vyote vinahesabiwa. Kopo la nusu kilo litabaki mezani pa mkaguzi. Karanga kavu zinapita ukaguzi huo, kahawa ya kukaanga vilevile.

Forodha ni habari nyingine. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka huku kuingiza nyama wala maziwa, na tangu Desemba 2019 matunda karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea. Yaliyonusurika ni nanasi, nazi, doriani, tende na ndizi. Naam, matooke yako yanaingia na embe lako linabaki, ila kwa kilo 7 utabeba matooke mangapi? Nsenene, panzi wetu wa kuliwa, nazo zina historia yake: Novemba 2021 video ya abiria akiziuza kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikienda Dubai ilizagaa kote, shirika likalaani, kisha likasema linafikiria kuziingiza kwenye chakula cha ndege. Mimi ningezinunua.

Sasa kwa senga. Ukiulizwa kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe kama begi umelifunga mwenyewe, jibu lako ni la kisheria, na kitakachokutwa ndani ni chako, hata kama ulikabidhiwa kimeshonwa. Sema mapema, wiki nzima kabla, kwamba ndege imekupa kilo 7 na zimeisha. Shirika la ndege ndilo baya, si wewe.

Jambo la mwisho linawakuta hasa wanaokwenda karibu. Safari nyingi za kikanda za Uganda Airlines, kama Nairobi na Dar es Salaam, hutumia CRJ-900, ndege ya abiria 76 yenye makabati madogo juu ya viti. Begi la magurudumu linaweza kuchukuliwa mlangoni pa ndege likapelekwa chini, hata kama lina uzito halali. Likichukuliwa, pawabenki lazima itoke, kwa kuwa betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye shehena. Ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74, na kikomo cha kawaida ni 100. Emirates tangu Oktoba 2025 inaruhusu moja tu kwa abiria, na kuitumia angani ni marufuku. Basi betri, pasipoti, dawa na kadi ya homa ya manjano vikae kwenye kipochi kimoja juu kabisa ya begi, uweze kukichomoa kwa mkono mmoja huku foleni ikikusukuma nyuma.